Minyororo Ni ya Dereva

Mzumbe,
14 Aprili 2024

Kwako Dereva, mtani wangu Luqmani,

Salamu nyingi, na heri ya Idi ijapokuwa imeshapita. Natumaini futari za shemeji Mwanvita zimekuacha na kiuno kinachoweza kufungwa mkanda. Sisi hapa wazima. Margareth anawasalimu, na anasema mwaka huu hatakubali kusahauliwa kwenye njegere.

Barua hii anaileta Stambuli wa lori la kabichi, pamoja na boksi. Usilifungulie uani mbele ya mbuzi. Lifungulie mezani, utandike kitambaa cheupe, maana kila kipande kilichomo hakizidi ukucha wa kidole gumba, na pini zake ni waya mwembamba kuliko sindano. Vikimwagika utavitafuta mpaka masika ijayo.

Ni hivi. Binti yangu Neema, yule aliyeko ng'ambo, aliniuliza nataka zawadi gani kwa kutimiza miaka sitini na tisa. Nikamjibu kifaru. Alicheka sana, halafu akakileta kweli. Ni cha plastiki, cha kuunganisha mwenyewe kwa gundi, na kimepunguzwa mara thelathini na tano. Ukikipima pamoja na mzinga, urefu wake ni kama kiatu changu. Lakini Luqmani, ndicho chenyewe, kile chetu cha vitani! Nilipoona ule mfuniko wa dereva pale mbele upande wa kushoto, nilikaa chini kabisa.

Mwili ni wa plastiki, ila minyororo ni chuma kitupu. Vipande tisini kulia, tisini kushoto, na kila kimoja kinaungwa na mwenzake kwa pini, kama ile ya kweli. Nimekutumia wewe yote. Mimi nilikuwa mpigaji, kazi yangu ni mzinga na darubini. Minyororo ni ya dereva, wewe mwenyewe ulikuwa unanifukuza nikiisogelea.

Nakifanya kwa ajili ya Kamanda Fidelis. Yuko Bigwa kwa binti yake Diana, na kichwa chake kinamtoka kidogo kidogo. Hawajui tena wajukuu wake. Hakumbuki kwamba Maneno, mpakiaji wetu wa mabomu, tulishamzika. Lakini kila asubuhi anamwuliza Diana: "Minyororo imekaguliwa?" Daktari kasema na hiyo nayo itaondoka, labda kabla ya mwaka kwisha. Nataka akishike kifaru chetu wakati bado anajua ni nini.

Nimekuwekea na chupa ya rangi ya kutu. Paka yote, kama picha ya kwenye kijitabu inavyoonyesha.

Mtani wako,
Severini


Mgeta,
23 Aprili 2024

Severini,

Boksi limefika likiwa na jani la kabichi juu yake. Mwanvita amepata salamu, na njegere za Margareth ziko maua.

Usiulize tena kwa nini sipigi simu. Huku mtandao unashika kule juu shuleni tu, na mimi sipandi kilima kwenda kupayuka hewani. Halafu usiniite Dereva.

Minyororo nimeiona. Sijasema nitaifanya.

Unajua fika kwa nini sijatia mguu Bigwa miaka yote hii. Unakumbuka kila asubuhi kule vitani? Kamanda anazunguka kifaru, anapitisha kidole gumba kwenye mnyororo, pini moja moja. Akimaliza ananitazama, anasema, "Dereva, panda." Maneno mawili tu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mtoto wa mkulima wa milimani, na asubuhi ile yote nilikuwa naisubiri kwa ajili ya maneno hayo mawili.

Halafu mtoni pini ikakatika, mnyororo ukakunjuka kama mkeka, tukabaki kwenye tope siku tatu wakati wenzetu wanapita. Alisema nini mbele ya kikosi kizima? "Dereva asiyejua minyororo yake ni abiria." Nikahamishiwa lori la magunia mpaka vita vikaisha. Jina la Abiria likanifuata mpaka nyumbani. Sikuambiwa "panda" tena na mtu yeyote.

Leo unataka nimpelekee minyororo aikague.

Na hiyo rangi yako ya kutu, nani kakudanganya? Kutu ni ya kifaru kilichokufa. Mnyororo unaotembea unasuguliwa na ardhi kila siku. Pale unapokanyaga unang'aa kama jembe lililotoka kulima. Na pale ndani magurudumu yanapopita unang'aa pia. Kwenye mikunjo ndiko matope yanakaa, na matope yenyewe si ya rangi moja, ya jana yamekauka yamekuwa meupe, ya leo bado meusi. Mpigaji wewe ulikuwa umekaa juu unatazama mbali, ungeyajulia wapi?

Nitajaribu vipande kumi. Kumi tu, nikuonyeshe.

Luqmani


Mzumbe,
2 Mei 2024

Dereva (nakuita hivyo na nitaendelea, utani unaniruhusu),

Nimesoma barua yako mara tatu, na mara zote nimecheka pale kwenye jembe. Margareth aliuliza nacheka nini, nikamsomea, akasema huyo mtu anaipenda kazi kuliko anavyokubali.

Sawa, kutu nimeifuta. Wewe ndiye bwana wa minyororo.

Mwili umeshaunganika. Kidole changu kimoja kiligandana na mzinga kwa gundi kutwa nzima, nikaenda jumuiya nikiwa nimeuficha mkono kwenye koti. Macho yananisumbua, nafanya kazi na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.

Jumapili nilikipeleka Bigwa hivyo hivyo, bila minyororo. Kamanda alikipokea kwa mikono miwili. Aligeuza, akatazama chini, uso ukamkunjamana. "Hiki kinakwendaje bila miguu?" Nikamwambia minyororo iko kwa dereva. Akatulia. Baadaye, wakati naaga, akauliza, "Dereva anachelewa wapi?" Nimekuandikia kama alivyosema, sijatia chumvi.

Mambo ya mtoni tuyaache, yamepita.

Nitumie hivyo kumi upesi.

Severini


Mgeta,
20 Mei 2024

Mpigaji,

Barabara ilikatika wiki mbili, ndiyo maana kimya. Mvua imeshusha mawe mpaka chini kwa jirani yetu Mosi, kabichi zimeozea kwenye magunia. Na njegere nazo zinataka kufungiwa miti. Na mbuzi aliugua. Kwa hiyo usianze.

Vipande kumi viko kwenye kopo la majani ya chai. Nimefanya hivi: kwanza nimevilaza kwenye siki na chumvi, vikapoteza ule weupe wa sufuria mpya. Halafu nimepaka masizi ya jikoni niliyochanganya na rangi yako nyeusi na petroli kidogo. Udongo nimeuchota kwenye mfereji, ule mweusi wa mfinyanzi, maana udongo wa shambani ni mwekundu mno na tope la kule mtoni halikuwa jekundu. Nimeukausha juani, nimeuchekecha kwa khanga ya Mwanvita, ameninunia siku moja. Nikaurushia kwa mswaki wa zamani. Mwisho nimesugua migongo kwa msasa mpaka chuma kikatoka.

Utaona madoa yamekaa ovyo, na kimoja kina rangi mpaka pembeni. Ni matope hayo. Matope yalikuwa na adabu lini?

Mwonyeshe Kamanda. Nataka kujua kidole chake kitasema nini.

Luqmani


Mzumbe,
28 Mei 2024

Luqmani,

Vipande vyako nimeviweka kwenye mkono nikanusa. Najua ni ujinga, lakini nilinusa. Nilidhani nitasikia dizeli. Hakuna kijitabu kitakachonifundisha nilichokiona pale.

Kamanda alipitisha kidole. Alisema, "Hiki kimetembea." Diana akageukia dirishani.

Kwa hiyo niambie ukweli. Vipande kumi kwa mwezi mzima! Vimebaki mia na sabini. Nimepiga hesabu, kwa mwendo huo utamaliza mwakani mwishoni, na Kamanda hana mwakani. Wiki hii amemwita Diana kwa jina la mama yake. Wewe ndiye uliyekuwa unafunga mnyororo mzima gizani huku umesimama kwenye maji. Leo unaniletea habari za mbuzi?

Kama bado umemnunia mzee, sema wazi. Usijifiche nyuma ya mvua. Mtu amebakiza siku chache za akili zake na anazitumia kukuulizia wewe, halafu wewe unavuta miguu. Sikulijua hilo kwako.

Severini


Mgeta,
3 Juni 2024

Severini,

Nakurudishia minyororo yako. Nimeihesabu, vipande mia na sabini, hakuna kilichopotea.

Mpe mtu mwingine. Chuoni hapo Mzumbe kuna watu wengi wasomi. Aliyosema Kamanda yalikuwa kweli, mimi ni abiria. Minyororo na mimi hatupatani.

Njegere ni za Margareth.

Luqmani


Mgeta,
3 Juni 2024

Shemeji Severini, shikamoo.

Barua hii nimeiweka katikati ya njegere kwa sababu mume wangu hajui kama nimeandika. Ukishaisoma, ichome.

Shemeji, umemwonea. Luqmani hajanuna. Mikono inamtetemeka. Imeanza mwaka jana, kwanza wa kulia, sasa yote miwili. Chai anakunywa nusu kikombe ili isimwagike mbele ya watu. Msikitini anakaa safu ya nyuma. Hataki mtu ajue, na wewe hasa.

Hivyo vipande kumi vilimchukua siku ishirini na tatu. Alikuwa anakaa dirishani toka anaporudi shambani mpaka mwanga unapokwisha. Pini moja anaijaribu mara hamsini. Inaanguka, anapiga magoti sakafuni anaitafuta, anaanza upya. Nilimwambia nimsaidie, akasema dereva hasaidiwi. Siku ulipomwandikia kwamba Kamanda kauliza "Dereva anachelewa wapi", aliimba. Miaka thelathini na nane ya ndoa, shemeji, sikuwahi kumsikia akiimba.

Juzi barua yako ilipofika, alisoma akaikunja vizuri, akaanza kuvifungasha. Anaogopa Kamanda atauona mkono. Anasema, "Ataniona natetemeka, atajua alisema kweli."

Sina la kukufundisha, wewe ni mtu mzima. Lakini wewe ndiye ulilianza jambo hili.

Shemeji yako,
Mwanvita


Mzumbe,
9 Juni 2024

Luqmani, ndugu yangu,

Stambuli anakuletea boksi lile lile. Usilitupe kabla hujamaliza kusoma.

Kwanza nisamehe kwa barua iliyopita. Nilikuandikia kwa ukali, na ukali wenyewe haukuwa wa kwako. Mtu mwenye deni la maneno huwa mkali. Leo nalilipa.

Siku moja kabla ya mto. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Kamanda alikuta pini moja upande wa kulia ina ufa, akatoa mpya kwenye sanduku la vipuri, akakupa. Wewe ulikuwa umelala chini ya kifaru unaukaza mnyororo kwa mtaimbo, mikono yote miwili imeshikwa. Ukanipa mimi pini na nyundo. Ukasema, "Mtani, gonga hiyo."

Ile ya zamani niliitoa. Mpya ikaniponyoka. Mikono ilikuwa na grisi na mvua, ikaingia kwenye majani marefu na tope. Nilipapasa, sikuipata. Wiki ile ile nilikuwa nimeshaadhibiwa kwa kupoteza darubini, unakumbuka. Niliogopa, Luqmani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mabomu. Nikaichukua ile yenye ufa, nikairudisha, nikaigonga, nikaipaka tope. Nikasema, "Tayari." Ukaniamini, hukuangalia. Asubuhi Kamanda akapitisha kidole juu ya tope langu, akakwambia, "Dereva, panda."

Pini iliyokatika mtoni ilikuwa hiyo.

Alipokuita abiria nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yako. Ningeweza kusema. Nikajiambia nitasema jioni, halafu nitasema vita vikiisha, halafu nitasema tukistaafu. Miaka arobaini na mitano nimekuwa rafiki yako na sikusema. Nilipoomba kifaru kwa Neema, nilijidanganya kwamba nikikupa minyororo uitengeneze, Kamanda akaisifu, mambo yatakuwa yamekwisha na mimi sitahitaji kufungua mdomo. Hata kutubu nilitaka wewe ndiye ufanye kazi.

Hukuwa na kosa. Hukuwahi kuwa abiria.

Sikuombi unijibu. Naomba tu minyororo ikae kwako, maana ni yako.

Severini


Mzumbe,
30 Juni 2024

Luqmani,

Stambuli ananiambia barua alikupa mkononi. Kila lori la Mgeta likipita nasimama barabarani kama askari wa usalama, madereva wameshaanza kunipungia.

Kamanda jana hakuuliza minyororo. Ni mara ya kwanza. Diana alimwuliza yeye: "Baba, minyororo imekaguliwa?" Akafikiri muda mrefu, akasema, "Bado." Kwa hiyo bado ipo, lakini imeanza kutoka.

Nitukane basi. Hata tusi nitalipokea.

Severini


Mgeta,
15 Julai 2024

Severini,

Barua yako niliisoma mara moja, nikaitia kwenye debe la mbegu na kuifunika. Wiki mbili nililima tuta lile lile. Mwanvita akaniambia viazi havihitaji kuzikwa kiasi hicho.

Nitakwambia kinachouma. Pini hainiumi. Pini ingeweza kumponyoka hata malaika kwenye mvua ile. Kinachouma ni harusi yako kule Tabora. Uliinua glasi ukasema, "Na huyu ni Abiria wetu." Watu wakacheka, nikacheka na mimi. Uliijua pini siku hiyo, na ukaniita hivyo.

Usinijibu kuhusu hilo. Nimelisema, limetoka.

Niliamua kuitupa minyororo mtoni. Nikaiweka kwenye kapu, nikaenda mpaka ukingoni. Nikasimama pale, na mkono ukaanza. Ndiyo, mikono inatetemeka, najua Mwanvita alikuandikia, kwa sababu mke wangu hajawahi katika maisha yake kupakia njegere kwa uangalifu ule. Mkono ukatetemeka, kapu likatetemeka, na vile vipande vikaanza kugongana ndani. Severini, ilikuwa sauti yenyewe. Ile ya asubuhi, tunapoondoka polepole kabla injini haijashika kasi. Sikuwa nimeisikia tangu mtoni. Nikakaa chini kwenye jiwe nikalia kama mtu aliyefiwa, na nilipomaliza nikarudi nyumbani na kapu langu.

Nikamwambia Mwanvita, dereva anaomba msaada. Yeye ameshika vipande kwa kibanio, mimi nimeongoza. Sasa anajua kukaza mnyororo kuliko wewe. Kupaka nimepaka mwenyewe, na nimegundua jambo. Kurusha matope kwa mswaki kunataka mkono usiotulia. Mkono mzima unarusha madoa yaliyopangana kama shanga. Wangu ukiuachia tu, matope yanakwenda yanakotaka, kama yalivyokuwa yakienda. Mungu ana namna zake za kugawa vipaji, lakini huu ameuchelewesha mno.

Kwa hiyo: vipande mia na themanini, pamoja na vile kumi ulivyorudisha. Upande wa kushoto umefungwa kabisa. Upande wa kulia uko wazi, unangoja kuvishwa kwenye magurudumu. Pini zimeingia mia na sabini na tisa.

Ya mia na themanini iko kwenye kiberiti, nimeifunga uzi mwekundu ili isiponyoke. Hiyo utaigonga wewe. Mbele ya Kamanda, na mimi nikiwa nakuangalia.

Nakuja Jumamosi na Stambuli. Mwambie Margareth asipike sana.

Luqmani


Mzumbe,
22 Julai 2024

Mke wangu Mwanvita,

Salaam aleikum. Nimefika salama, ijapokuwa Stambuli aliendesha kama anafukuzwa na nyuki. Nimekaa mbele na boksi mapajani, amenikataza nisiliweke juu ya kabichi.

Severini alikuwa amesimama barabarani. Amezeeka, Mwanvita. Nilimwandalia maneno njia nzima, na nilipomwona amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, nikasahau yote. Alinikumbatia. Halafu akaniambia nimekonda kama mwiko, nikamwambia yeye amenenepa kama mtungi, mambo yakawa kama zamani. Margareth alipika sana.

Jana baada ya misa yao tukaenda Bigwa. Kamanda alikuwa amekaa kitandani, amevaa koti lake jeusi, vifungo vyote mpaka juu. Yule mtu aliyekuwa anajaza mlango! Hakutujua. Alidhani Severini ni padri, na mimi akaniuliza kama nimeleta maziwa. Diana akatuombea radhi. Nikajiambia basi, tumechelewa, na nikauficha mkono chini ya kofia.

Severini akakiweka kifaru juu ya stuli. Tukavisha mnyororo wa kulia, maana ule wa kushoto tulishauvisha Mzumbe, mimi nikiukaza kwa kidole huku natetemeka. Akafungua kiberiti, akafungua uzi. Akaiingiza ile pini kwa kibanio cha nyusi cha Margareth, akaigonga kwa mpini wa kijiko. Jasho lilikuwa linamdondoka. Akasema, "Tayari."

Akampa Kamanda.

Kwanza alikishika tu. Halafu akakipindua, na kidole gumba kikaanza kutembea chenyewe. Kilipita juu ya migongo inayong'aa, kikaingia kwenye matope yangu, pini moja moja, upande wa kushoto wote, kisha wa kulia. Nilijikuta nimesimama. Severini naye alikuwa amesimama.

Kidole kikakwama.

"Pini hii haijafika mwisho," alisema. Sauti ilikuwa ile ile. "Nani kagonga?"

Mwanvita, macho ya Severini ni mabovu, alikuwa ameiacha nje kiasi cha unywele. Na mimi, wallahi, nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ni mimi. Ni mazoea ya miaka arobaini na mitano. Lakini Severini alibana visigino, akanyoosha mikono ubavuni, na lile tumbo lake akalirudisha ndani.

"Ni mimi, afande. Mpigaji Severini. Na ile ya mtoni nilikuwa mimi pia, niliipoteza mpya nikarudisha mbovu. Dereva hakuwa na kosa."

Alikuwa analia waziwazi. Diana hakuelewa kitu, akasimama na sinia la chai mlangoni. Kamanda alimtazama Severini muda mrefu. Sijui ni kiasi gani kilimfikia na sitasema kilimfikia chote. Alimnyooshea kifaru.

"Gonga tena."

Severini akagonga tena. Kidole kikarudi, kikapita, hakikukwama. Kamanda akashusha pumzi. Akaanza kutazama chumba, akampita binti yake, akampita Severini, akafika kwangu. Kofia ilikuwa imeshaanguka. Mkono ulikuwa wazi, unatetemeka mbele yake, naye akautazama, kisha akanitazama mimi usoni.

"Dereva," akasema, "panda."

Nipande wapi, mke wangu? Palikuwa na kitanda tu. Nikapanda kitandani na viatu vyangu vya shamba, nikakaa kando yake. Diana alitaka kusema habari ya viatu, Severini akamshika bega. Kamanda akaniwekea kifaru mapajani, mimi nikaweka mikono yangu yote miwili juu yake, ikatetemeka na minyororo ikalia kidogo, na yeye akafumba macho akawa anasikiliza. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Nitabaki mpaka Alhamisi. Margareth ananipeleka kwa daktari wa mikono, na safari hii sikubisha. Mbuzi apewe maji mara mbili. Nimekukumbuka.

Mumeo,
Luqmani, dereva